Ngazi za fundi umeme Texas: mwongozo kwa fundi aliyetoka Afrika Mashariki na Congo

Wiki yangu ya pili kazini Houston nilifungua boksi la swichi kwenye nyumba ya mbao iliyokuwa ikikarabatiwa. Ndani kulikuwa na waya mweusi, waya mweupe, na ule wa ethi usio na ganda. Mkono wangu ulienda kwenye mweusi bila kufikiri. Nimejifunza kazi kwenye majengo ya zamani ya Dar es Salaam, ambako mwekundu ndio wenye moto, yaani unaoleta umeme, na mweusi ni nyutro, unaourudisha, na kwa miaka yote hiyo mweusi ndio waya niliouamini. Mzee niliyekuwa nikifanya naye kazi alinidaka kiwiko. Marekani mweusi ndio wenye moto. Nyutro ni mweupe.

Natanguliza kisa hiki kwa sababu mafundi wenzangu wanaofika hapa wananiuliza swali moja, tena kwa uchungu: "Nina cheti, nina miaka kumi kazini, mbona wananiita mwanagenzi?" Uchungu huo naujua. Lakini mazoea ya mkono hayafutwi na cheti. Hata aliyesoma rangi mpya za nyumbani, kahawia kwa moto na bluu kwa nyutro, hayuko salama, maana kwenye majengo ya fezi tatu ya huku waya wa bluu mara nyingi ndio fezi ya tatu, yaani una moto. Kanuni ya huku inashika mambo mawili tu kwa ukali: mweupe au kijivu ni nyutro, kijani au usio na ganda ni ethi. Rangi nyingine zote zichukulie kwamba zina moto.

Mwongozo huu ni wa Texas. Ndiko ninakofanyia kazi, na ndiko waliko wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa ndugu zetu Wakongo na Warundi waliopokelewa kama wakimbizi, pamoja na Wakenya na Watanzania wa Houston, Dallas na Fort Worth. Kila jimbo la Marekani lina sheria yake, na nitasema kidogo kuhusu majimbo mengine mbele.

Kwanza, elewa wanachohesabu

Kwetu tumezoea vitu viwili vinavyokwenda sambamba. Tanzania unasoma VETA, unapata ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu, halafu leseni ya kufanya kazi kwa jina lako unaiomba EWURA, yenye madaraja yake ya herufi. Kenya unafanya mtihani wa ufundi wa NITA au unasoma chuo, kisha leseni ni ya EPRA. Congo mtu anakuambia ana A2 ya umeme, na kila mtu anaelewa kwamba amemaliza shule ya ufundi. Kote huko cheti cha shule ndio mlango wa kuingilia.

Texas mlango ni saa za kazi. Idara ya leseni ya jimbo, ambayo kila mtu anaiita TDLR, haikuulizi ulisoma chuo gani. Inauliza umefanya kazi saa ngapi chini ya fundi mkuu mwenye leseni, na je, fundi mkuu huyo yuko tayari kuweka sahihi. Utaratibu huu wa jimbo zima ulitokana na sheria ya 2003. Kabla ya hapo kila mji ulikuwa na mambo yake.

Ngazi zenyewe nitazitaja kwa Kiswahili, na jina la kwenye kadi nitalitaja mara moja ili ukiliona kwenye fomu ulitambue. Wa kwanza ni mwanagenzi, ambaye kadi yake imeandikwa Apprentice Electrician. Fundi kamili anaitwa Journeyman Electrician, na juu yake kuna fundi mkuu, Master Electrician. Pembeni ya ngazi hizi kuna fundi wa nyumba za kuishi, Residential Wireman, ambaye nitamrudia. Leseni ya kampuni, Electrical Contractor, ni ya biashara. Ukiwa nayo hiyo peke yake bado hujawa fundi.

Fundi kamili anahitaji saa 8,000. Fundi mkuu anahitaji 12,000. Ukifanya saa 40 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka, unapata 2,000. Kwa hiyo ni miaka minne hadi fundi kamili na sita hadi fundi mkuu, kama hakuna saa iliyopotea. Wengi hupoteza saa, na nitaeleza zinavyopotea.

Hatua ya kwanza: kadi ya mwanagenzi, kabla hujatafuta kazi

Karatasi zako za kuruhusiwa kufanya kazi Marekani zikishakuwa sawa, ingia kwenye tovuti ya TDLR uombe kadi ya mwanagenzi. Umri ni kuanzia miaka 16, hakuna mtihani, ada ni dola 20. Wataangalia kama una rekodi ya makosa ya jinai, kwa hiyo jibu maswali hayo kwa ukweli hata kama kosa ni la zamani. Kadi unaihuisha kila mwaka.

Usisubiri mwajiri akwambie. Fundi anayekuja saiti na kadi mfukoni anasikilizwa tofauti na anayesema "nitaomba". Kushika nyaya za umeme bila kadi ni kuvunja sheria, na hapo unajiweka mikononi mwa mtu anayekulipa kienyeji, ambaye kesho atakataa kwamba anakujua.

Kadi hii haikuruhusu kufanya kazi peke yako. Lazima fundi mwenye leseni awepo pale mnapofanya kazi, akikusimamia. Fundi aliyekuwa na wasaidizi wanne Lubumbashi atalimeza hili kwa shida, najua. Mimi nilikaa miezi mitatu ya mwanzo nikibeba ngazi na kutoboa mbao, na jioni nilikuwa nikirudi nyumbani kimya. Lakini kwenye hiyo miezi ya kutoboa mbao ndipo nilipojua nyumba za huku zimejengwaje.

Nyumbani tunachimba ukuta wa tofali, tunalaza paipu, tunapiga lipu, halafu tunavuta nyaya. Huku ukuta ni fremu ya mbao, kebo inapita kwenye matundu yaliyotobolewa katikati ya mbao, na mbele yake inapigiliwa bodi ya jasi kwa skrubu. Tundu likiwa karibu na ukingo wa mbao, skrubu ya seremala itaingia kwenye kebo yako, na moto unaweza kuzuka miaka mitatu baadaye wakati watu wamelala. Ndiyo maana kanuni inataka tundu liwe angalau inchi 1¼ kutoka ukingo wa mbao, yaani kama milimita 32, au upigilie kibati cha chuma mbele yake. Inchi hiyo na robo sikuipata darasani. Niliipata mkaguzi alipotukatalia ukuta mzima na tukarudi kupigilia vibati 60.

Hatua ya pili: chagua njia ya kujifunzia

Kuna njia mbili, na zote ni halali.

Njia ya kwanza ni programu ya uanagenzi iliyosajiliwa. Unafanya kazi mchana na kulipwa, na unaingia darasani jioni au siku maalumu. Kiwango kinachopendekezwa na serikali ya Marekani ni saa 144 za darasa kwa mwaka. Programu inayojulikana zaidi inaendeshwa kwa pamoja na chama cha wafanyakazi wa umeme IBEW na chama cha makandarasi NECA. Houston tawi la IBEW ni namba 716, na kwa Dallas na Fort Worth ni namba 20. Yao huchukua miaka mitano. Wanataka uwe umemaliza sekondari au una cheti cha GED, kinachohesabiwa sawa na sekondari, uthibitishe kuwa umesoma aljebra, ufanye mtihani wa aljebra na wa kusoma kwa ufahamu, kisha uhojiwe. Mshahara unapanda hatua kwa hatua kadiri unavyosonga, ukipimwa kama sehemu ya mshahara wa fundi kamili. Programu nyingine kubwa ni ya IEC, ambayo ni ya makandarasi wasio na chama cha wafanyakazi, na huchukua miaka minne.

Njia ya pili ni kuajiriwa moja kwa moja na kampuni, bila programu. Hapa darasa unajitafutia mwenyewe. Mwanagenzi asiye kwenye programu iliyosajiliwa anatakiwa kusoma saa 4 za mafunzo endelevu kila mwaka ili kadi ihuishwe.

Ukiniuliza mimi, kama una miaka chini ya 35 na Kiingereza chako cha kusoma kinaweza kubebeka, pigania programu iliyosajiliwa, hata kama utasubiri. Sababu yangu kubwa ni kwamba wao wanaandika saa zako kwa ajili yako. Kama una watoto wanne na kodi ya nyumba haisubiri, ingia kampuni moja kwa moja wala usijione umekosea, lakini basi hatua inayofuata uisome mara mbili.

Kuhusu mtihani wa aljebra, usiuogope kwa sababu ni wa Kiingereza. Hesabu za kidato cha pili na cha tatu zinatosha. Waliosoma Congo kwa Kifaransa mara nyingi wana hesabu nzuri kuliko wenyeji. Kinachowaangusha ni sehemu ya kusoma. Miezi mitatu ya kusoma kurasa mbili kila usiku kwa sauti inabadilisha mengi.

Hatua ya tatu: linda saa zako kama unavyolinda pasipoti

Ukifika saa 8,000, TDLR haitakubali neno lako. Inataka fomu ya uthibitisho wa uzoefu iliyosainiwa na fundi mkuu aliyekuwa akisimamia kazi zako. Kama umefanya kazi kwenye kampuni tatu, unahitaji fomu tatu kutoka kwa mafundi wakuu watatu.

Nilifanya kazi kwenye kampuni ndogo kwa karibu mwaka. Watu wazuri, malipo ya wakati, tulikuwa tukila pamoja. Siku moja kampuni ikafungwa. Fundi mkuu akahamia jimbo lingine, simu yake ikawa haipatikani. Nilikuwa na hati za mshahara, nilikuwa na picha za kazi, lakini sahihi yake sikuwa nayo. Nilihangaika miezi minane kumpata, nikamwandikia kupitia kwa watu, hadi shemeji yake akanipa anwani. Alisaini siku ile ile nilipompata, wala hakuwa na ubaya wowote na mimi. Ni mimi ambaye sikuwahi kumwomba.

Tangu hapo nina daftari, na kila mwanagenzi ninayemsimamia namlazimisha awe nalo. Kila Ijumaa andika tarehe, saiti, saa ulizofanya, aina ya kazi (kuvuta nyaya, kufunga bodi ya breka, kukunja paipu, kutafuta hitilafu), na jina la fundi aliyekusimamia. Ukurasa wa mbele andika jina kamili la fundi mkuu wa kampuni na namba ya leseni yake. Namba hiyo iangalie mwenyewe: TDLR ina ukurasa wa kutafuta leseni ambao uko wazi kwa kila mtu, bila malipo. Andika jina, utaona kama leseni iko hai au imekwisha muda. Fanya hivyo siku ya kwanza ya kazi, kwa sababu ukija kugundua mwaka wa tatu kwamba anayekusimamia hana leseni hai, huna pa kulilia.

Hati za mshahara zote zitunze, hata zile za saa za ziada. Wiki ya saa 50 ni saa 50. Saa za ziada zinakuvusha haraka. Na siku unayoacha kazi, kwa heri au kwa ugomvi, omba fomu isainiwe kabla hujakabidhi vifaa. Hata kama huachi kazi, muombe kila mwaka.

Je, saa za nyumbani? Barua ya mwajiri wa Mwanza au Goma haina sahihi ya fundi mkuu mwenye leseni ya huku, kwa hiyo panga maisha yako kwa hesabu kwamba unaanzia sifuri. Uzoefu wako una kazi yake nyingine: unakufanya mwanagenzi anayeaminiwa mapema, anayepewa kazi ngumu mwaka wa kwanza, na anayelipwa vizuri kuliko kijana aliyetoka shule. Barua hizo mpe mwajiri, mwonyeshe na picha za kazi zako. Mimi picha ya bodi ya fezi tatu niliyoifunga Mbagala, nyaya zimelala kama zimechanwa kwa kitana, ndiyo iliyonitoa kwenye kubeba ngazi.

Njia ya mkato iliyo halali

Kuna ngazi ambayo wenzetu wengi hawaijui: fundi wa nyumba za kuishi. Inahitaji saa 4,000, yaani kama miaka miwili, pamoja na mtihani. Leseni hii inakuruhusu kufanya kazi za umeme za nyumba za kuishi tu. Kiwanda, duka au hospitali hapana. Bado utakuwa chini ya kampuni. Lakini mshahara unapanda, na unaweza kufanya kazi bila mtu kusimama nyuma yako.

Kwa mtu mzima mwenye familia naipendekeza kwa moyo wote. Saa zako zinaendelea kuhesabiwa kuelekea 8,000 huku tayari una leseni mkononi.

Hatua ya nne: kitabu na mtihani

Mtihani wa fundi kamili unaweza kuufanya ukifikisha saa 7,000, usisubiri 8,000. Ukifaulu mapema, leseni inatoka saa zikitimia. Una sehemu mbili, ya maarifa na ya mahesabu, na unaruhusiwa kufungua kitabu cha kanuni.

Kitabu chenyewe ni Kanuni ya Kitaifa ya Umeme, inayoitwa NEC. Kilitoka mara ya kwanza 1897 na sasa kinafanyiwa marekebisho kila miaka mitatu. Texas ilianza kutumia toleo la 2023 tarehe 1 Septemba 2023. Kabla ya kununua, hakikisha ni toleo gani linalotumika kwenye mtihani wako, kwa sababu kitabu ni ghali na toleo la zamani linauzwa rahisi mitandaoni kwa sababu hiyo hiyo.

Watu husikia "unafungua kitabu" wakadhani ni rahisi. Muda ni mchache. Anayefaulu ni yule anayejua jibu liko ukurasa gani. Nunua vibandiko vya kurasa, vibandike mwenyewe kwa mkono, na fanya maswali 20 kila siku ukijipima kwa saa.

Nikuonyeshe hesabu moja uone inavyotofautiana na mazoea yetu. Nyumbani tukifunga soketi, boksi ni boksi; nyaya zikiingia zimeingia. Huku boksi lina ujazo uliopimwa kwa inchi za ujazo, na kila kitu kilichomo kinalipa nafasi yake. Chukua boksi la soketi moja linaloingiwa na kebo mbili za ukubwa wa namba 12, kila kebo ina mweusi, mweupe na ethi. Waya mmoja wa namba 12 unahesabiwa inchi za ujazo 2.25. Nyaya nne za mweusi na mweupe ni 9. Ethi zote mbili kwa pamoja zinahesabiwa kama waya mmoja, 2.25. Soketi inahesabiwa kama nyaya mbili, 4.5. Vibanio vya ndani vya boksi vinahesabiwa kama waya mmoja, 2.25. Jumla ni 18. Boksi la 18 linatosha barabara. La 16 mkaguzi analikataa. Sababu yake ni joto: nyaya zilizobanana zinapata moto, ganda linakauka, linapasuka. Nilipoielewa hesabu hii nilikumbuka maboksi mangapi niliyoyashindilia kwa kidole gumba huko nyumbani, nikaumia.

Jambo lingine la kulizoea kabla ya mtihani ni volti. Nyumbani kati ya moto na nyutro ni 230. Huku ni 120, na 240 unaipata kati ya nyaya mbili za moto. Birika la wati 1,500 linalokula ampea 6.5 kwetu, huku linakula 12.5. Ndiyo maana nyaya zao ni nene kwa kazi ndogo. Na namba za nyaya zinakwenda kinyume: namba 14 ni nyembamba kuliko 12, na 12 ni nyembamba kuliko 10. Namba 14 breka yake ni ampea 15, 12 ni 20, 10 ni 30. Hizi tatu zikae kichwani kama jina la mama yako.

Hatua ya tano: fundi kamili, kisha fundi mkuu

Leseni ya fundi kamili ada yake ni dola 30 kwa mwaka. Sasa unaweza kufanya kazi bila kusimamiwa pale pale, na unaweza kusimamia wanagenzi. Usichoweza ni kuchukua kazi kwa jina lako. Mteja akikupigia simu jioni akwambie "njoo unifungie feni, nitakulipa mkononi", hiyo ni kazi ya kampuni yenye leseni, na wewe huna.

Hapa niseme wazi, kwa sababu kwenye jumuiya zetu jambo hili linatokea kila wikendi, kanisani na msikitini. Jirani anakuomba umwongezee soketi gereji. Ni ndugu, hutaki kumkatalia. Sheria ya Texas inamruhusu mwenye nyumba kufanya kazi ya umeme kwenye nyumba anayoishi mwenyewe, ingawa mji wake unaweza kumdai kibali. Haimruhusu kukulipa wewe uifanye. Nyumba ikiungua, bima itauliza nani aligusa umeme. Mimi huwa namwambia ndugu yangu ukweli, na ninampa namba ya kampuni ninayoiamini. Wengine hununa kwa mwezi mmoja, halafu hurudi.

Kwa ufundi mkuu unahitaji saa 12,000, uwe umeshika leseni ya fundi kamili kwa angalau miaka miwili, na ufaulu mtihani mwingine ulio mgumu zaidi upande wa mahesabu ya mizigo ya umeme ya majengo makubwa. Ada ni dola 45. Wengi huishia fundi kamili na wanaishi vizuri sana. Ufundi mkuu una maana kama unataka kampuni, au unataka kuwa yule anayesaini saa za vijana. Mimi niliutaka kwa hili la pili.

Hatua ya sita: kampuni

Leseni ya kampuni ni dola 110. Lazima kampuni iwe na fundi mkuu wake aliyeandikishwa TDLR, awe wewe au uliyemwajiri, na iwe na bima ya dhima, ile inayolipa hasara mliyomsababishia mtu, ya angalau dola 300,000 kwa tukio moja na 600,000 kwa jumla. Jina la kampuni na namba ya leseni viandikwe pande zote mbili za gari. Baada ya hapo ndipo unaweza kuomba vibali vya kazi mjini na kuwaita wakaguzi kwa jina lako, mara ya kwanza kabla kuta hazijafungwa na mara ya mwisho kazi ikiisha. Bima tafuta kwa mawakala watatu kabla ya kusaini. Tofauti ya bei ni kubwa.

Ukiishi jimbo lingine

New York, Illinois, Pennsylvania na Indiana hazina leseni ya fundi ya jimbo zima. Huko unauliza mjini au kaunti unakoishi. Massachusetts inataka saa 8,000 za kazi na saa 600 za darasani. California inataka saa 8,000 kwa cheti cha fundi wa kazi zote. Majina ya ngazi yanafanana sehemu nyingi, kwa hiyo ukielewa ya Texas utaelewa na nyingine, lakini saa na mitihani ziulize upya.

Leseni ya fundi kamili ya Texas inatambuliwa na baadhi ya majimbo kwa makubaliano, yakiwemo Oklahoma, Arkansas na New Mexico. Hapo unaomba bila kurudia mtihani. Ukihama kabla hujafikisha saa, beba fomu zilizosainiwa. Bila sahihi, utaanza upya.

Kama bado uko nyumbani unasubiri safari

Omba barua kwa kila mwajiri uliyefanya naye kazi, yenye tarehe za kuanza na kumaliza na aina ya kazi. Piga picha kazi zako kabla na baada ya kufunga bodi. Cheti cha sekondari na cha ufundi vibebe halisi na nakala, maana utahitaji kuvifanyia tathmini hapa ili vitambuliwe kama sawa na sekondari ya Marekani.

Na nunua futi kamba yenye inchi. Usiangalie upande wa sentimita. Pima mlango, pima meza, pima boksi la swichi, hadi mtu akikwambia "niachie inchi sita za waya nje ya boksi" mkono wako ukate bila kupima. Hiyo sita ni ya kwenye kanuni, kama sentimita 15, na ndiyo waliyonipima nayo siku ya kwanza niliyopewa koleo.